Jiko la Nyasi

Kibeta, Bukoba
13 Oktoba

Niwie radhi, daftari langu. Nilikufunga wiki ya Pasaka nikasema nitarudi jioni ileile, na sasa mvua za vuli zimekwisha anza. Sina kisingizio. Niliona haya kuandika kwamba mwandishi hana kazi ya kuandika. Leo nimeiandika sentensi hiyo na nyumba haikuanguka.

Jarida lililochapisha safu yangu ya malezi limesimama. Mhariri, padre kijana mwenye adabu, alinipigia simu mwenyewe.

“Mwalimu, wasomaji wako wanazeeka, na hatujapata wengine.”

“Mimi pia nazeeka, Padre, na bado nasoma.”

Alicheka. Mimi sikucheka. Safu ile niliianza marehemu mume wangu akiwa hai. Yeye ndiye aliyekuwa akiipeleka mjini kwa baiskeli, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Pensheni ya ualimu inanilisha. Safu ilinipa sababu ya kuvaa viatu asubuhi.

15 Oktoba

Mvua. Sikuvaa viatu.

17 Oktoba

Nimekwenda dukani kwa Tejal kununua karatasi. Duka ni lile la babu yake, mzee Mulji, ambaye aliniuzia utepe wangu wa kwanza wa mashine ya kuchapia. Aliufungua mbele yangu, akaupitisha kidole kuhakikisha haujakauka, kisha akaenda kunawa wino kwenye ndoo iliyokuwa mlangoni. Enzi zile barabara nzima ilikuwa na maduka kama hilo, na jioni akina mama wa Kihindi walikaa barazani wakichambua dengu na kuitana ng’ambo hadi ng’ambo. Sasa familia zilizobaki zinajuana kwa majina na kwa magonjwa.

“Mwalimu, shikamoo. Karatasi tena? Za nini?”

“Marahaba. Za kuandikia.”

“Jarida si limefungwa?”

“Mkono wangu haujafungwa.”

Alinipa kiti. Tejal nilimfundisha tangu kidato cha kwanza. Alikuwa mbishi, lakini insha zake zilikuwa na mwanzo na mwisho.

“Nikuulize, Mwalimu, usinipige. Babu alianza na karatasi. Akaongeza tepe, kisha sare za shule. Baba akaleta mashine ya kutoa nakala. Mimi naprinti picha za maharusi kwenye vikombe. Duka ni lilelile. Wewe unauza safu tu tangu sijazaliwa.”

“Unachapisha picha. Huprinti.”

“Nachapisha. Lakini umenisikia.”

Nilimsikia. Ndiyo maana nililipa haraka nikaondoka. Alinifuata hadi mlangoni na mwavuli, akasema Annastella, aliyesoma naye darasa moja, yuko Dar es Salaam na anatengeneza hadithi za kusikiliza kwa simu. Wateja wake ni wazazi wa Kihaya walio mbali, ambao watoto wao hawazijui hadithi za nyumbani. Anatafuta msimulizi.

“Anataka hadithi za kwetu,” alisema Tejal.

Nilimtazama aliposema kwetu. Amezaliwa mtaa huu, kama baba yake. Yuko sahihi.

20 Oktoba, Jumapili

Annastella amenipigia baada ya misa. Anataka hadithi moja ya majaribio. Ikimpendeza atanipa kazi ya msimu mzima, hadi Pasaka.

“Kwa Kiswahili, Mwalimu, na Kihaya kidogo pale panapohitaji. Ila usisome. Usimulie.”

“Kuna tofauti gani, kama sentensi zimekamilika?”

“Utaiona mwenyewe, waitu.”

Waitu ni neno la heshima kwetu, lakini sipendi kujibiwa hivyo na mtu niliyemfundisha kutumia nukta.

24 Oktoba

Nimeandika “Binti Aliyeolewa na Mvua”. Bibi yetu alitusimulia mimi na dada yangu Edvina, kwenye jiko la nyasi, ndizi zikiiva chunguni. Binti anaolewa na Mvua. Kila anapotaka kwenda kumwona mama yake, mumewe anamfuata njiani kwa kishindo, anafurisha mito, na binti anarudi hajafika. Bibi alipofika kwenye mito alipunguza sauti, nasi tukasogea karibu hadi magoti yakagusa mafiga.

Nimeiandika vizuri. Hakuna kirai kinachoning’inia.

27 Oktoba

Tejal amekuja na kunifundisha kurekodi kwa simu. Simu isishikwe mkononi, ilazwe juu ya kitambaa kilichokunjwa. Mdomo usiwe mbali wala karibu. Ukikosea husimami, unarudia sentensi, kisha baadaye unakata iliyoharibika. Kukata kumenichukua mchana kutwa, lakini nimekuweza. Kunafanana na kuhariri, isipokuwa unafuta pumzi badala ya maneno.

Jioni ilinyesha. Paa langu ni la mabati, na katika rekodi ninasikika kama mtu anayehutubia kutoka ndani ya pipa. Nikarudia asubuhi, jogoo wa jirani akaingia kwenye aya ya pili. Nikarudia nikiwa nimejifunika blanketi.

29 Oktoba

Nimetuma.

31 Oktoba

Ameikataa. Naunakili ujumbe wake kama ulivyo: “Mwalimu, shikamoo. Kila neno limesikika na kila neno ni sahihi. Lakini nilijikuta nimekaa wima kama niko mstarini asubuhi nasubiri kukaguliwa kucha. Naomba ujaribu tena. Nasubiri hadi katikati ya Novemba, baada ya hapo itabidi nimpe mwingine.”

Nimesafisha kabati la vyombo. Halikuwa chafu.

Muleba
2 Novemba

Siku ya Marehemu Wote. Nimekuja kwa Edvina, kama kila mwaka, tusali kwenye kaburi la shemeji, lililo ndani ya kibanja, shamba la migomba, karibu na mibuni. Edvina alikuwa muuguzi mkunga. Nusu ya watu wanaopita njia hii amewapokea yeye duniani, na huwakumbusha wakisahau kumwamkia. Mwaka huu anatembea na mkongojo. Nyonga imekuwa mbaya kuliko alivyoniambia kwenye simu.

Mwanawe Datius yuko Mwanza, ana ofisi ya usafirishaji. Anataka kumchukua mama yake akaishi naye. Anataka pia kulibomoa jiko la nyasi lililo nyuma ya nyumba, ajenge jingine la matofali na mabati kwa ajili ya mpangaji.

“Anasema linamtia aibu,” alisema Edvina. “Rafiki zake walipokuja waliuliza kama ni zizi.”

“Naye aliwajibu nini?”

“Aliwajibu kwamba ndimo alimolelewa. Kwa hiyo wakajua ni zizi.”

Alicheka hadi akashika nyonga.

Baada ya chakula nilimsikilizisha rekodi yangu. Alitafuna punje zake za kahawa taratibu, akasikiliza hadi mwisho, akatema ganda.

“Unamsimulia nani?”

“Watoto.”

“Wako wapi?”

“Dar es Salaam. Nairobi. Sijui, dada, popote walipo.”

“Hakuna anayekuitikia hapo. Unasema ‘Nilikuja, nikaona,’ halafu kimya. Bibi angeacha palepale. Angesema hawa wamelala, akaenda zake kulala na yeye.”

Ni kweli, na sielewi niliwezaje kuacha jambo hilo nje. Hadithi ya kwetu haianzi na msimulizi peke yake. Anaita kwamba alikuja na akaona, na waliokaa wanamjibu kwa Kihaya: ona, nasi tuone. Kila anapotua, wanamwitikia. Wakinyamaza, hadithi imekwisha hata kama binti bado yuko njiani. Mimi niliandika mwito kwa nukta zote zinazostahili, nikaurekodi chini ya blanketi, na sikuacha hata nafasi ya mtu kujibu.

“Basi uniitikie wewe,” nilisema. “Sasa hivi, kabla mvua haijaanza.”

“Jua likiwaka hivi? Bibi yako anakusikia pale alipolala.”

Bibi hakuruhusu hadithi mchana. Mchana una kazi zake. Edvina, ambaye ameshona majeraha na kuongoza kwaya ya parokia, hajavunja sharti hilo maishani, na hatalivunja kwa ajili ya simu yangu.

3 Novemba

Tulijaribu jioni sebuleni. Edvina aliitikia kwa sauti ya mazoezi ya kwaya. Binti alipofika mto wa kwanza, mvua ikapiga mabati na hatukusikizana.

“Mkwe amefika,” alisema Edvina.

4 Novemba

Vivyo hivyo. Msimu huu mchana ni mkavu na jioni inanyesha. Sharti la bibi na paa la mabati ambalo Datius aliiezekea nyumba hii haviwezi kukaa pamoja.

5 Novemba

Ngoja niandike hili polepole.

Jioni mvua ilianza tukiwa jikoni, katika lile jiko la nyasi, tunamenya ndizi. Nilikuwa nalalamika kwamba siku imepotea tena. Edvina akainua kisu kuninyamazisha.

“Sikiliza.”

Sikusikia kitu. Nje migomba ilikuwa inapigwa, maji yanapita kwenye mfereji, na ndani palikuwa kimya kama ndani ya kapu la pamba. Nyasi za paa zilikuwa zinaipokea mvua bila neno. Chini tulikuwa tumekalia nyasi mbichi alizotandaza msaidizi wake Celina asubuhi, nazo zinameza mwangwi. Nimeishi chini ya mabati tangu nilipoolewa. Nilikuwa nimesahau kwamba mvua inaweza kunyesha bila kuingilia mazungumzo.

Nililaza simu kwenye kitambaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Sikuchukua karatasi. Niliita, Edvina akajibu, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni sikujua sentensi yangu ingeishia wapi. Nilipofika kwenye mito nilipunguza sauti bila kukusudia. Edvina akasogea, mkongojo wake ukaanguka, na mlio wake umo kwenye rekodi. Nimeuacha. Mwishoni binti anafika kwa mama yake kwa sababu nyumba ya mama imeezekwa nyasi: Mvua anapofika anakosa cha kupiga kelele nacho, anasimama nje kimya, anasikiliza mama na mtoto wakizungumza, na tangu siku hiyo anajua kuwa mke wake ana watu.

Mwisho huo sikuwa nimeuandika Kibeta. Nilikuwa nimeusahau. Ulikuja wenyewe mahali pake.

8 Novemba

Annastella: “Hii hii, Mwalimu. Mwanangu ameitikia akiwa bafuni.” Kazi ni yangu hadi Pasaka.

Kibeta
16 Novemba

Kuandikia sikio ni kazi nyingine kabisa, nami naijifunza kama mwanafunzi. Sentensi ndefu inamchosha msikilizaji kabla ya kitenzi. Jina lirudiwe mapema, kwa maana msikilizaji hawezi kurudi juu ya ukurasa. Paachwe nafasi ya kuitikiwa. Sasa natembea chumbani nikizisema hadithi kwa sauti kabla ya kuandika lolote, na jirani amemwuliza Tejal kama nina wageni.

19 Novemba

Tejal ameniomba maneno ya kuchapisha kwenye mifuko ya senene, wale panzi wa kukaanga, wanaouzwa na kikundi cha akina mama wa Nyanga. Nimekataa. Mimi si mwandishi wa mifuko.

Jioni nimekubali. Ni sentensi nne tu, na nimezihangaikia kuliko safu nzima.

Muleba
26 Novemba

Senene wameshuka. Alfajiri watoto walikuwa barabarani na ndoo chini ya taa, na Celina amerudi na gunia. Tumekaa jikoni na majirani wawili kuwachambua, mabawa huku, miguu huku, kama mama yetu alivyotufundisha. Jioni nimesimulia, na wote wameitikia huku mikono inafanya kazi. Katika rekodi kunasikika mchakacho mwembamba wa mabawa. Annastella ameuliza ni chombo gani cha muziki.

30 Novemba

Edvina ameanguka. Kizingiti cha jiko kilikuwa kimelowa. Hakuvunjika, lakini alikaa palepale chini muda mrefu kabla Celina hajarudi kutoka kisimani. Mimi nilikuwa Kibeta. Nimekuja na gari la kwanza.

“Usimwambie Datius,” ameniambia.

Celina alikwisha mwambia.

3 Desemba

Datius anakuja katikati ya mwezi, na mafundi.

7 Desemba

Nimerekodi hadithi nyingine mbili, ya mwisho ikiwa ya binti aliyejificha mtini, na Edvina akiwa amekaa kwenye kiti chenye mto. Sauti yake imepungua. Alipoitikia nilisikia anavumilia, nikasimama.

“Endelea,” alisema. “Binti bado yuko mtini.”

Nimekuwa nikimwona Datius kama kijana aliyezionea haya nyasi zilizomlea. Nimelisema hilo kwa Tejal, na kwa Annastella pia, kwa maneno yaliyopangwa vizuri. Leo, nikimsaidia Edvina kuvuka kizingiti kile, nilikiona kwa macho ya mtu aliye Mwanza anayesubiri simu ilie.

14 Desemba

Amefika mchana, gari limebeba mabati mapya na mafundi wawili. Mabati yameshushwa na kuegemezwa kwenye mibuni. Kabla ya kitu chochote alifungua begi akamtolea mama yake kitenge kipya.

“Baba alikuwa anakupa kila msimu wa senene,” alisema. “Nimechelewa, lakini bado wapo.”

Edvina alikigeuza, akakagua pindo kama anavyokagua kila kitu. “Baba yako alijua rangi zangu.”

“Na mimi je?”

“Unakaribia.”

Kisha tuliketi sebuleni watatu. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimweleza juu ya kimya cha paa la nyasi, juu ya kazi, juu ya watoto wanaoitikia bafuni. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima, mikono juu ya magoti.

“Mama mdogo, nimezisikiliza zote. Annastella hunitumia kwa simu, kama wateja wake wengine. Mwanangu hulala nazo. Lakini wewe unahitaji jiko. Mimi nahitaji mama.”

Nimefundisha ufasaha maisha yangu yote. Edvina ndiye aliyejibu.

“Na mama mmemwuliza anahitaji nini? Mnanigawana kama kiwanja, na mimi nimekaa hapa na kitenge.”

Alichukua mkongojo akaenda jikoni peke yake. Datius aliinuka kumsaidia, nikamshika mkono. Tulimtazama dirishani akivuka uwanja, polepole, hadi kizingiti, ambacho alikivuka kwa kukaa juu yake kwanza na kuingiza mguu mmoja mmoja. Datius alikuwa anauma mdomo kama alivyokuwa akifanya utotoni akidungwa sindano.

15 Desemba, Jumapili

Mafundi hawafanyi kazi Jumapili. Asante Mungu kwa hilo.

Jioni Edvina aliniita jikoni. “Lete simu yako. Nataka ile ya Mvua, tena. Na leo nasimulia mimi, wewe uitikie.”

Nilimwambia hiyo imekwisha rekodiwa. Alinitazama kama alivyowatazama wanawake waliosukuma kabla hajawaambia. Nikaleta simu.

Mvua ilikuwa inanyesha. Edvina hasimulii kama mimi. Anaruka mambo, anarudi nyuma, anamwambia binti maneno ya ukali, anauliza kama maharage yamewekwa chumvi, na hadithi haipotezi njia. Alipofika mwishoni, pale Mvua anaposimama nje ya nyumba ya mama, alitua kama Bibi, ili aitikiwe.

Niliitikia. Na nje, upande wa mlango, sauti ya mwanamume ikaitikia pamoja nami, kwa Kihaya cha mtoto.

Datius alikuwa amesimama chini ya ukingo wa nyasi, maji yanamtiririka mabegani. Sijui alikuwapo tangu lini. Ndani hatukuwa tumesikia hatua zake wala mvua yenyewe.

“Ingia, utalowa,” alisema mama yake.

“Nimekwisha lowa, Ma.”

“Basi kaa hapo mlangoni. Usikanyage senene.”

Akakaa kizingitini, pale pale penye utelezi, akawa anakipapasa kwa kiganja kwa muda mrefu. Hakuna aliyesema lolote juu ya mabati. Edvina alimalizia hadithi, na sisi wawili tukamjibu.

16 Desemba

Mafundi wamerudi mjini bila kugusa kitu. Datius amewalipia nauli. Yeye mwenyewe ameshinda kizingitini na nyundo na ubao, na jioni pamekuwa na mshikio wa mbao kila upande na ngazi ya chini isiyoteleza. Amesema ni ya muda tu.

Asubuhi nilimwambia Edvina nimefikiria kuipangisha nyumba ya Kibeta na kuhamia hapa, nilale chumba cha pili. Ningemsikia akianguka, na ningekuwa karibu na jiko. Nimejichunguza ni lipi kati ya hayo mawili lililotangulia moyoni, na sitaliandika hadi nilijue. Nimemwambia pia kwamba akichagua Mwanza, nitakunja kitambaa changu na kumshukuru Annastella, na nitatafuta kazi nyingine. Mifuko ya senene haijaisha.

“Unaongea kama mtu anayesoma,” alisema. “Nimekusikia. Datius nimemsikia. Sasa mnyamaze wote wawili hadi Krismasi ipite. Nataka kuwaza bila kuitikiwa.”

22 Desemba

Kibeta tena. Nimepeleka daftari hili dukani kwa Tejal ili nichukue jingine, kwa kuwa kurasa zinakaribia kuisha. Aliliona, akataka kujua kama naye yumo. Nikamwambia yumo, na kwamba Kiswahili chake kimerekebishwa.

Mabati bado yameegemea mibuni ya Muleba. Datius, aliyebaki huko hadi Krismasi, anasema mvua ikiyapiga usiku kelele inafika hadi chumba anacholala, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuyaondoa. Edvina bado hajasema. Viatu vyangu viko mlangoni, na sanduku dogo limefunguliwa kitandani. Nimeliwekea nguo za upande mmoja tu. Akishasema, nitakuja hapa niandike, iwe ni Mwanza au ni Muleba, kabla sijaujaza upande wa pili.